Wajukuu wa manamba wa mkonge, ndugu zetu wa Kigoma, Njombe na Songea tunawapataje? (Uzi mrefu)

Mjukuu wa Mkonge (mleta uzi)

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni.

Uzi huu ni kwa watu wa Tanga na Morogoro hasa, wajukuu wa manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Wale ambao ukiwauliza kwao ni wapi wanakujibu Korogwe, Muheza au Kimamba, halafu wanaongeza, "ila babu alitoka Kigoma." Ukiuliza Kigoma ya wapi, hawana jibu. Tuko wengi sana. Baba zetu walizaliwa kambini, kwenye makazi ya vibarua wa shamba, sisi tukazaliwa kambini au mtaa wa pili tu, na waliojua njia ya kurudi wengi wao tumeshawazika.

Wengi wanaanza kutafuta kwa jina. Wanachukua jina la babu lililo kwenye cheti cha baba, wanampigia mtu aliyeko Kasulu, wanauliza, "Unaujua ukoo wa fulani?" Anasema haujui. Basi, safari imeishia hapo. Mimi nasema jina liwe la mwisho. Anza na kambi aliyoishi na watu aliokuja nao. Hao ndio wanajua, au watoto wao.

Nieleze kwa nini. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Mashamba yakatanda kufuata reli ya Tanga na ile ya kati, lakini wenyeji wa hapa, Wabondei, Wazigua na Wasambaa, walikuwa na mashamba yao na hawakuwa na sababu ya kwenda kuchomwa na miba kwa ujira ule. Wenye mashamba wakatafuta watu wa mbali. Mwaka 1944 wakaanzisha chombo chao cha kuajiri, SILABU, na maofisa wake wakaenda Kasulu, Kibondo, Njombe na Songea. Vijana wa huko walikuwa wanadaiwa kodi na walikuwa wanataka mahari. Wakaandikishwa, wakapimwa afya, wakapewa namba, wakapakiwa. Wengine walitoka Burundi na Msumbiji.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini haikuunganishwa na reli ya Tanga mpaka mwaka 1963, pale kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilipofunguliwa. Kabla ya hapo mtu alishuka treni, akapandishwa lori, akalala kambi za njiani na watu walewale siku kadhaa. Wakifika wanagawanywa mashambani. Ndiyo maana wazee wa kambini wakimtaja mwenzao hawasemi ni wa ukoo gani. Wanasema, "Yule tulikuja naye gari moja." Undugu wa gari moja ulikuwa mzito. Ndio waliosimamia harusi za wenzao, ndio waliowazika.

Sasa jina. Karani wa shamba alikuwa anaandika anavyosikia. Jina la Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, lenye silabu tano likawa na mbili. Wengine walisilimu wakawa Juma na Ramadhani, wengine walibatizwa huku huku, wengine walichukua jina la utani la kazini likawa ndilo la ukoo mpaka leo. Wapo pia walioingia kazini kwa kadi ya kazi ya mtu mwingine. Ukienda Kasulu na jina la kambini unauliza habari za mtu ambaye kule hajawahi kuwapo.

Kwetu ilikuwa hivyo. Babu alikuwa mkataji, baadaye akahamishiwa korona, kiwanda cha kusindika mkonge. Alifariki mimi nikiwa mdogo. Baba alijua vitu vitatu tu: kwamba babu alikuwa Muha, kwamba aliwahi kutaja "Heru", na kwamba kulikuwa na mzee wa kambi ya jirani waliyekuwa wakitembeleana kila sikukuu. Tukaacha habari ya jina, tukamtafuta yule mzee. Naye alikuwa amefariki, lakini mjane wake yupo, bibi mwenye akili timamu kabisa. Shangazi yangu ndiye aliyeingia kuongea naye, maana mambo mengine bibi hamwambii kijana wa kiume.

Bibi yule alikuwa na habari zote. Alitupa jina la nyumbani la babu, ambalo hakuna mtu kwetu aliyewahi kulisikia. Alijua babu ni wa pili kuzaliwa na kwamba kaka yake alikuwa fundi wa kufua majembe. Alijua hata kwa nini babu hakurudi mkataba ulipoisha: nyumbani kulikuwa na ugomvi wa mahari, na aliona aibu kurudi mikono mitupu. Habari hizo zote zilikuwa umbali wa kutembea kwa mguu kutoka nyumbani kwetu, miaka yote ile.

Nitaendelea na upande wa Kigoma. Kwanza karibuni wenye uzoefu.

Mngoni wa Peramiho

Mkuu, umenigusa pabaya. Sisi tuko upande wa pili wa habari hii. Sisi ndio tulioachwa.

Kaka yake bibi aliandikishwa Songea akaenda mkonge. Alituma barua mara chache, akatuma na blanketi, kisha kimya. Bibi yangu mpaka anakufa alikuwa anasikiliza matangazo ya vifo ya Redio Tanzania kila siku, kama atasikia jina la kaka yake na jina la kijiji chetu kwenye orodha ya "habari ziwafikie". Vijana wa sasa hawajui uzito wa yale matangazo. Redio ikifika saa yake nyumba nzima inanyamaza. Mtoto wa kwanza wa kiume wa mama yangu amepewa jina la huyo mjomba ili lisipotee.

Kwa hiyo nawaambia wajukuu wa Tanga: msidhani mnaenda kuomba. Kuna watu huku wamewasubiri muda mrefu kuliko umri wenu.

Jambo la msaada. Kama mzee wenu alikuwa Mkatoliki, nendeni parokia alikofungia ndoa. Kitabu cha ndoa kinaonyesha alibatizwa wapi. Na utaratibu wa Kanisa ni kwamba mtu akifunga ndoa mbali, taarifa inarudishwa parokia ya ubatizo na kuandikwa pembeni ya jina lake kwenye kitabu cha ubatizo. Ina maana Mngoni aliyebatizwa huku na kufunga ndoa Korogwe anaweza kuwa ameandikwa pande zote mbili. Wabenediktini wako Peramiho tangu 1898, kwa hiyo vitabu vya zamani vipo. Kuna jina la baba, la mama na la msimamizi wa ubatizo. Huyo msimamizi msimpuuze, mara nyingi ni jirani au mjomba, na ukoo wake bado uko palepale.

Nendeni kwa adabu, siku ambayo si Jumapili, na mwombe katibu wa parokia awaangalizie. Msidai kupekua wenyewe.

Mama Wawili

Mngoni asante. Na Waislamu je? Babu yangu alisilimu Muheza.

Mjukuu wa Mkonge

Dada, hapo karatasi ni chache zaidi ila hazikosekani. Tafuta cheti cha ndoa cha bibi, uangalie jina la walii na mashahidi. Shahidi wa bwana harusi aliyetoka bara karibu kila mara alikuwa mtu wa kwao, kwa sababu baba na kaka zake hawakuwepo. Muulize imamu wa msikiti wa kambi ni nani waliokuwa wakisoma naye darasa la watu wazima waliosilimu. Na usisahau waliomwosha alipofariki. Hao ni watu wa ndani.

Sasa upande wa Kigoma kama nilivyoahidi, na hapa ndipo watu wengi wanapotea hata wakiwa na jina sahihi.

Kwanza, wazee hawakutaja wilaya za leo. Walitaja nchi za watawala wa jadi. Mzee akisema Buyungu, leo ni Kakonko. Akisema Muhambwe, ni Kibondo. Heru ni upande wa Kasulu na Buhigwe. Wilaya za Buhigwe, Kakonko na Uvinza zimeanzishwa mwaka 2012 tu, kwa hiyo karatasi ya zamani iliyoandikwa "Kasulu" inaweza kukupeleka Buhigwe. Wangoni vilevile, wazee wao watakutajia Mshope au Njelu. Wa Njombe watakwambia Iringa, kwa kuwa Njombe imekuwa mkoa wake mwaka huohuo wa 2012. Andika neno kama mzee alivyolitamka, usilisahihishe. Mtu wa kule akilisikia atajua ni wapi.

Pili, na hili ndilo kubwa, vijiji vilihama. Operesheni ya Kigoma ilikuwa 1972, kabla hata ya amri ya Novemba 1973 kwamba nchi nzima iishi vijijini. Watu walitolewa milimani na mabondeni wakapangwa barabarani, nyumba kwa mstari. Babu aliondoka miaka ya hamsini akiacha mji wenye migomba kando ya kijito. Ukifika leo pale ni msitu au shamba la mtu, na ukoo umegawanyika vijiji viwili au vitatu. Barua zilizotumwa baada ya hapo zilikwenda kwa anwani ya mahali ambapo hapana mtu. Nadhani ukimya mwingi wa miaka ya sabini, ambao kila upande uliuona kama kutupwa, chanzo chake ni hicho. Babu zetu walikufa na kinyongo ambacho hakikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo usiulize "kijiji fulani kiko wapi." Uliza "waliotoka mahali fulani walihamishiwa wapi." Mwenyekiti wa kitongoji anaweza asijue kama ni kijana, lakini atakuonyesha mzee anayejua. Mabalozi wa nyumba kumi wa zamani ni wazuri zaidi. Wao walihesabu watu nyumba kwa nyumba.

Mwanakasulu

Mleta uzi umesema kweli tupu. Mimi ni wa huku, naomba niongeze yale ambayo ninyi wa pwani hamyaoni.

Mtu akija ghafla na gari, amevaa vizuri, anasema ni mjukuu wa fulani aliyepotea, wazo la kwanza la wenyeji ni shamba. Tuseme ukweli. Sehemu ya yule aliyeondoka inalimwa na mtu, pengine kwa miaka hamsini. Huyo mtu hatafurahi kukuona, hata kama damu ni moja. Atasema hamjui babu yako, na wengine watamfuata kwa kuogopa.

Tumeni neno kwanza. Mpeni mwenyekiti wa kitongoji au katekista jina na habari, mwacheni azungumze na wazee bila ninyi kuwepo. Mkija, njooni na mtu mzima wenu, si vijana watupu. Bebeni sukari na vitenge vya bibi, inatosha. Ombeni kuonyeshwa makaburi. Habari ya mipaka ya shamba msiitaje kabisa safari ya kwanza, na kama hamna haja nayo semeni wazi mbele ya wazee kwamba mmefuata ndugu, si ardhi. Nimeona nyuso zikibadilika palepale baada ya kauli hiyo.

Mjukuu wa Mkonge

Mwanakasulu, laiti ningekujua mapema. Kwetu neno lilitangulia kupitia fundi mmoja wa baiskeli aliyekuwa na nduguye Heru Juu, akalifikisha kanisani na msibani. Msibani ndiko lilikojibiwa, kwa sababu ndiko wazee wa vijiji vyote vya jirani wanakokutana.

Tulipokwenda hatukuuliza maswali, tuliulizwa. Wazee walituweka mkekani. Mzee wenu alikuwa na alama gani mwilini? Kaka yake alikuwa na kazi gani? Mama yao alikuwa mtu wa wapi? Baba alijibu la kovu la mguuni, shangazi akajibu la ufundi wa majembe, tuliyoyapata kwa yule bibi mjane. La mama yao hatukulijua tukasema hatujui. Baadaye mzee mmoja alituambia kwamba jibu lile la "hatujui" ndilo lililomtoa wasiwasi, maana waongo hawakosi jibu. Binti wa kaka yake babu akaletwa. Alimshika shangazi yangu mikono akamwangalia vidole muda mrefu, akasema kwa Kiha kitu ambacho tulitafsiriwa: vidole vya baba yangu hivi.

Sitaki kuandika zaidi hapo.

Kijana wa Mjini

Mkuu, zama hizi si upime DNA tu uache mizunguko?

Mjukuu wa Mkonge

Ndugu, DNA inalinganisha watu waliokwisha kupimwa. Haikutafutii kijiji. Tena hapa nchini kuna sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba, vipimo hufanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na maombi hupitia mamlaka kama mahakama au ustawi wa jamii. Na kusema kweli, ukimwambia bibi wa miaka themanini akupe mate ndipo umkubali kuwa ndugu, umeshavunja nyumba kabla hujaingia.

Mzaliwa wa Ulyankulu

Naomba niwasemee wenye asili ya Burundi, maana manamba wengi walitoka huko na wajukuu wao wanaogopa kuuliza.

Kama babu yako alikuja mkonge miaka ya hamsini, inawezekana ndugu zake hawako Burundi tena. Mauaji ya 1972 yaliwaleta wengi Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba na Mishamo ambako leo ni Katavi. Zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo wamepewa uraia wa Tanzania. Kwa hiyo kabla ya kuvuka mpaka, ulizia hapo. Kanisani kuna wazee wanaojua mtu alitoka mlima gani, kwa sababu kwa Warundi kwao mtu ni mlima.

Kwa waliopotezana kwa vita na ukimbizi kuna pia Chama cha Msalaba Mwekundu. Wana huduma ya kutafuta ndugu na kupeleka ujumbe wa kifamilia, na ni bure. Mtu akikwambia ulipe ili jina lako liingizwe, huyo ni tapeli.

Mama Wawili

Kuhusu matapeli mko sahihi. Kaka yangu aliandika mtandaoni kila kitu, jina la babu, kijiji, mpaka majina ya watoto. Baada ya muda akapigiwa na "binamu" anayeyajua yote hayo, kwa sababu kayasoma palepale. Akaambiwa kuna mgonjwa, atume hela. Akatuma.

Mjukuu wa Mkonge

Pole sana dada. Ndiyo maana nawaomba wote: mkitafuta, bakizeni habari mbili au tatu ambazo hamzitangazi. Kovu, kazi ya kaka, jina la utani la utotoni. Anayejiita ndugu azitaje yeye.

Binti wa Hale

Mimi simtafuti ndugu, namtafuta rafiki. Tulikua pamoja kambini Hale, baba yake alikuwa fundi. Shamba liliposimama kazi familia zikatawanyika, wao wakaondoka usiku mmoja na lori. Sijui hata kama yu hai. Najua watu wataona ni jambo dogo kulinganisha na ya kwenu.

Mjukuu wa Mkonge

Si dogo hata kidogo. Mtu aliyekua na wewe kambini anajua mambo yako ambayo ndugu wa Kasulu hawayajui.

Ila rafiki anatafutwa tofauti. Ukoo unakumbuka ardhi na makaburi. Rafiki wa kike, hasa akiolewa, hubadilisha mji na watu humwita mama fulani, kwa hiyo jina mlilokuwa mkiitana shuleni halimfikii. Watafute waliomlea. Kama alichezwa unyago, somo yake, yule mama aliyemfunda, anajua kaolewa wapi, na pengine alialikwa harusini. Uliza pia mama yake alicheza upatu na akina nani. Wanawake waliocheza upatu pamoja hawapotezani hivi hivi.

Kisha nenda shule ya msingi mliyosoma. Mwanafunzi aliyehama kwa taratibu ameandikwa alikohamia. Mwalimu mkuu anaweza kukataa kukuonyesha, na ana haki, lakini muombe apeleke ujumbe: jina lako, namba yako, na kwamba unamsalimu. Umwachie yeye aamue kupiga. Hilo nalisema kwa wote, hata kwa ndugu. Wapo walioondoka kwa sababu zao na hawataki kutafutwa, na tukijua mtu yu mzima na hataki, tumwache.

Mzee wa Reli

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Nilifanya kazi Korogwe stesheni. Binti wa Hale, mafundi wengi wa Hale waliposimamishwa walikwenda viwanda vya sukari, Kilombero na Mtibwa, kwa sababu mashine walizijua. Anzia huko. Nenda kwa wastaafu, wanakutana kufuatilia mafao na wanajuana wote.

Binti wa Hale

Mzee shikamoo. Sikuwahi kufikiria Mtibwa. Baba yake alikuwa anasema "sukari" nikadhani ni duka. Ahsante sana.

Mzee wa Reli

Marahaba mwanangu.

Mama Wawili

Mwanakasulu, unaweza kunisaidia? Babu alikuwa kambi moja ya Muheza, alitaja Manyovu. Bibi mmoja pale kambini amenipa jina lake la nyumbani wiki hii, baada ya kusoma uzi huu nikaenda kumuuliza.

Mwanakasulu

Dada, hapo ni Buhigwe. Nitumie faragha, usiandike hapa: jina la nyumbani, jina la baba yake kama lipo, na alikuwa wa ngapi kuzaliwa. Jumamosi kuna msiba upande huo, wazee watakuwepo. Nitauliza.